Boya Halilali

Wahenga walinena kwamba la kuvunda halina ubani. Mimi naongeza kuwa lililoungua halifichiki, kwa maana harufu yake hutangulia. Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, nanyi walimu wetu wapendwa, haya ninayowasimulia yalinifika mimi mwenyewe, wala si hadithi ya kuokota njiani. Mhariri alipotutaka tuandike juu ya kitu kidogo chenye kazi kubwa, wenzangu walichagua sindano, kalamu na kiberiti. Mimi nimechagua boya. Simaanishi boya la wavuvi. Namaanisha lile boya la plastiki linalotiwa ndani ya tangi la maji ili liwashe na kuzima pampu bila mtu kunyoosha mkono. Mafundi wa hapa mjini huliita floti. Mimi nitaliita swichi ya boya.

Sisi twaishi hapa Machakos katika ploti ya vyumba 24. Baba ndiye keateka. Kazi yake ni kufagia ua, kukusanya kodi, kutatua ugomvi wa kamba za nguo, na zaidi ya yote, kuhakikisha kwamba wapangaji wana maji. Usiku huwa bawabu mahali pengine, kwa sababu mshahara mmoja hauwezi kulisha vinywa vitano. Hutoka saa kumi na mbili jioni na kurudi saa kumi na mbili asubuhi, macho yakiwa mekundu kwa kukosa usingizi.

Anayeijua Ukambani anajua kwamba maji ni dhahabu. Kwetu maji ya mfereji huja siku mbili kwa juma, na kuna majuma ambayo hayaji kabisa. Yakija, huingia katika tangi kubwa lililochimbiwa chini ya ua. Kutoka hapo pampu ya nguvu farasi moja huyapandisha hadi kwenye tangi la lita 5,000 lililo juu ya paa, kisha hushuka yenyewe vyumbani. Kulijaza tangi hilo la juu huchukua karibu saa mbili. Basi kazi ya kuwasha pampu saa mbili usiku na kuizima saa nne nilipewa mimi, kwa kuwa saa hizo Baba huwa lindoni.

"Usiiwashe kabla ya kuchungulia tangi la chini," aliniambia siku ya kwanza. "Na ukishaiwasha, usiende mbali nayo."

Maagizo mawili tu. Hata mtoto wa chekechea angeyakariri.

Siku ya siku ikafika. Ilikuwa Jumatano. Maji ya mfereji yalikuwa hayajaonekana kwa siku tisa, na mimi nilijua. Kifuniko cha tangi la chini ni kizito, na isitoshe kulikuwa na giza. Nikasema moyoni, jana yalikuwepo, leo yatakosaje? Nikabonyeza swichi, pampu ikanguruma, nami nikashika njia kwenda kibandani kutazama mechi. Nilijiambia kwamba nitarudi wakati wa mapumziko. Mapumziko yalipofika nikajiambia nitarudi bao moja likiingia. Nilirudi nyumbani saa tano na nusu, usingizi ukinilemea kama gunia la mahindi, nikajitupa kitandani. Pampu nilikuwa nimeisahau kabisa.

Saa kumi za alfajiri niliamshwa na harufu. Ilikuwa harufu ya mpira unaoungua. Nilitoka mbio bila viatu. Pampu ilikuwa ikilia mlio mwembamba wa kukwaruza, na nilipoigusa nikaurudisha mkono upesi maana ilikuwa moto kama kikaango. Nikaizima. Nikafunua tangi la chini na kumulika kwa tochi. Chini kabisa mlikuwa na tope na mende mmoja. Hamkuwa na maji.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, ambalo kwangu ni kubwa kuliko la kwanza. Nilirudi kitandani, nikajifunika gubigubi, nikanyamaza.

Baba aliporudi alijaribu kuiwasha pampu, ikatoa mvumo tu, haizunguki. Alisimama pale kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nikivaa sare ya shule. Aliniuliza, "Mwanangu, jana ilifanya kazi vizuri?" Nikajibu, "Ndiyo, Baba." Nikachukua mkoba na kuondoka.

Mwenye ploti alikuja siku hiyo hiyo akiwa amefura kwa hasira. Alisema kwamba Baba ni mzembe, na kwamba pampu mpya ya shilingi 14,500 itatoka katika mshahara wake, shilingi 2,900 kila mwezi kwa miezi mitano. Baba hakubisha. Kwa siku nne tuliishi bila pampu. Wapangaji walinunua maji kwa mitungi na kuyapandisha ngazi. Kuna nyanya mmoja anayeishi ghorofa ya pili, chumba nambari 19, na miguu yake huvimba. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi, mtungi wa lita 20 kando yake, akihema. Nikaubeba hadi mlangoni kwake. Akaniambia, "Mungu akubariki, mjukuu wangu, wewe una roho nzuri." Nawaambieni, maneno hayo yalinichoma kuliko matusi. Mwezi uliofuata dada yangu mdogo alikosa pesa za chakula cha mchana, akawa anashinda njaa shuleni kwao.

Siku ya tano, siku ya Jumapili, fundi alikuja na pampu mpya pamoja na vifaa viwili vyeusi vyenye umbo la peya, kila kimoja na waya wake mrefu. Niliambiwa nimshikie spana. Alipoifungua ile pampu ya zamani alitikisa kichwa. Akatuonyesha kipande kilichokuwa kimeyeyuka karibu na mhimili. "Hii haikufa kwa uzee," alisema. "Hii imekauka. Maji ndiyo huipoza na kuilainisha hii sili. Ikizunguka bila maji, hujichoma yenyewe. Nani aliyeiwasha?"

Moyo wangu ulipiga kama ngoma. Kabla sijafungua mdomo, Baba alisema, "Ni mimi."

Fundi hakuuliza zaidi. Aliniona nikiduwaa, akafikiri kwamba nashangaa vile vifaa vyeusi, akaanza kunifundisha. Namshukuru, kwa sababu hayo ndiyo ninayotaka kuwagawia.

Alichukua boya moja la zamani lililokwisha kuharibika, akalitikisa. Kitu kikagonga ndani, kwatu kwatu. Akalipasua kwa msumeno. Ndani mlikuwa na hewa tupu, kigololi cha chuma katika njia yake, na swichi ndogo mfano wa ukucha. Boya likining'inia kichwa chini, kigololi hubingirika upande mmoja. Maji yakiliinua na kulilaza upande mwingine, kigololi hubingirika na kuigonga ile swichi ndogo. Basi, siri yote ni hiyo. Maji hayagusi stima, na stima haigusi maji, kwa kuwa boya limezibwa kabisa. Fundi alisema kwamba maboya mengine ya zamani yalitumia zebaki mahali pa kigololi. Zebaki ni sumu, na Mkataba wa Minamata wa mwaka wa 2013 ulikuja kuzitaka nchi ziachane na swichi za aina hiyo.

Kwa nini boya huelea? Hapo fundi aliniambia nikamwulize mwalimu. Mada ya kuelea na kuzama ni ya kidato cha nne, lakini mwalimu wetu wa Fizikia alinieleza kwa hisani yake. Kanuni ni ya Archimedes, Mgiriki wa Sirakusa aliyekufa mwaka wa 212 kabla ya Kristo. Kitu kilichomo majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kilichoyasogeza. Boya lenye ujazo wa nusu lita likizamishwa lote husogeza maji ya gramu 500. Likiwa na uzito wa gramu 200 tu, maji hulishinda na kulibeba.

Turudi kwa fundi. Katika waya wa boya mna nyaya tatu nyembamba. Mmoja ni wa pamoja. Wa pili hukamilisha njia ya stima boya likiwa juu, na wa tatu hukamilisha njia boya likiwa chini. Fundi ndiye huchagua, na akichagua vibaya, pampu itafanya kinyume. Kwetu alitia maboya mawili. La tangi la paa aliliunga hivi: likining'inia chini, maana yake tangi limepungua, stima ipite. Likielea juu, tangi limejaa, stima ikatike. La tangi la chini aliliunga kinyume. Likielea, maji yapo, stima ipite. Likilala chini, maji yamekwisha, stima ikatike mara moja kabla pampu haijaungua.

Kisha akayaunga yote mawili kwa mfululizo, kama zile saketi za betri na balbu tulizosoma kidato cha kwanza. Katika mfululizo, swichi moja ikikataa, basi yote yamekatika. Kwa hivyo pampu haizunguki mpaka maboya yote mawili yakubaliane: la juu liseme "nina kiu" na la chini liseme "ninayo ya kukupa". Nilipolielewa hilo niliona aibu. Lile boya la chini lilikuwa linafanya kazi niliyoambiwa niifanye mimi, yaani kuchungulia.

Kuna jambo jingine ambalo sikulitarajia. Juu ya waya, mbali kidogo na boya, fundi alifunga kidude kizito cha plastiki. Nilidhani ni pambo. Kumbe ndicho kinachoamua boya litazunguka wapi. Ukikifunga mbali na boya, boya huwa na nafasi kubwa ya kupanda na kushuka, hivyo maji hupungua sana kabla pampu haijawaka tena. Ukikifunga karibu, nafasi huwa ndogo. Nikauliza, "Si ni vizuri pampu iwake maji yakipungua kidogo tu, ili tangi lijae daima?" Fundi akacheka. "Kijana, mama akichota jagi moja pampu iwake, ikizimika mwingine anawe mikono iwake tena? Mota inapoanza huvuta stima mara kadhaa kuliko inapokuwa imeshika mwendo. Ukiiwasha na kuizima kila dakika, utaizika." Kwa hiyo nafasi ile baina ya kuwaka na kuzimika si kasoro, ndiyo uhai wa pampu. Na kwa pampu kubwa sana boya halibebeshwi mkondo wote wa stima. Hutoa amri tu kwa kifaa kiitwacho kontakta, nacho ndicho kinachobeba mzigo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiona maboya kila mahali. Ndani ya kisanduku cha choo cha kuvuta maji mna boya, ingawa hilo si swichi bali hufunga valvu kwa mkono wake lenyewe. Katika tangi la petroli la gari mna boya linalopanda na kushuka ili mshale wa dereva usogee. Katika kikopo cha mafuta ya breki, magari mengi yana boya dogo lenye sumaku. Mafuta yakipungua, sumaku hushuka karibu na swichi ya vibamba viwili vyembamba vya chuma vilivyofungiwa ndani ya kioo, vibamba hugusana, na taa nyekundu humwonya dereva. Swichi hiyo ya vibamba ilibuniwa mwaka wa 1936 na Mmarekani W. B. Ellwood katika maabara za Bell. Huko pwani, maboti ya mota huwa na boya katika ngama, yaani pale chini kabisa ambapo maji yanayovuja hukusanyika. Maji yakizidi, boya huinuka na kuwasha pampu ya kuyatupa nje, hata nahodha akiwa amelala. Wala wazo lenyewe si la juzi. Karne ya 3 kabla ya Kristo, mjini Iskanderia nchini Misri, Ktesibios alitumia boya kuhakikisha kwamba maji ya saa yake ya maji yanabaki kwenye kimo kimoja.

Sasa nirudi kwenye deni langu.

Jioni ya Jumapili ile fundi alikuwa ameshaondoka, na Baba alikuwa na likizo ya usiku mmoja. Maji ya mfereji yalikuwa yamekuja mchana. Baba akaniambia tupande paani tuone kama kazi imefanyika sawasawa. Tulikaa kando ya tangi, kifuniko kikiwa wazi, nami nikimulika kwa tochi. Maji yalipanda polepole. Boya liliinuka, likainama, likalala. Mara pampu kule chini ikanyamaza yenyewe. Kukawa kimya kabisa, mbwa tu wakibweka mbali.

Sijui kilichonisukuma. Nilisema, "Baba, ni mimi niliyeiunguza pampu. Nilikwenda kutazama mpira. Sikuchungulia."

Hakunitazama. Alisema, "Nilijua tangu asubuhi ile. Pampu iliyoungua usiku haiwezi kuizima swichi yake yenyewe. Niliikuta imezimwa, na ilikuwa bado ina moto."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe."

Nililia, na sioni haya kuandika hivyo. Baba alinipa leso yake, akafunika tangi, akasema tushuke tukale. Hakunichapa wala hakunikaripia. Asubuhi yake, kabla ya kwenda shule, nilimwomba anipeleke kwa mwenye ploti. Nilimwambia ukweli mbele ya Baba. Msifikiri kwamba alinipiga pambaja na kusamehe deni. Alisema, "Pampu ni pampu," na makato yakaendelea vile vile kwa miezi mitano. Lakini hakuwahi tena kumwita Baba mzembe. Likizo iliyofuata nilimwendea yule fundi, nikawa kibarua wake kwa majuma matatu, nikibeba mabomba na kuchimba mitaro. Nilichopata, shilingi 4,200, nilikitia mkononi mwa Baba. Deni halikwisha, lakini dada yangu alirudi kula mchana.

Wenzangu mnaopenda kujaribu, mnaweza kutengeneza swichi ya boya katika maabara yetu. Tafuteni kopo, chupa ndogo tupu iliyozibwa vizuri, kipande cha karatasi ya aluminiamu, betri mbili za tochi, balbu na nyaya. Bandikeni aluminiamu juu ya kizibo cha chupa. Fungeni ncha mbili za nyaya zilizomenywa zining'inie juu ya kopo bila kugusana. Mkimimina maji, chupa itapanda, aluminiamu itazigusa ncha zote mbili na balbu itawaka. Betri mbili ni volti 3 tu, hazina madhara. Lakini tafadhali, tena tafadhali, msijaribu jambo hilo kwa stima ya nyumbani ya volti 240. Maji na stima ni paka na panya, na kazi hiyo ni ya fundi aliyehitimu.

Tena msidhani boya ni malaika. Miezi miwili baadaye nilisikia maji yakimwagika kutoka paani. Nilipanda nikakuta waya wa boya umejizungusha kwenye bomba, boya limenasa chini, linaendelea kusema "nina kiu" huku tangi likifurika. Kumbe boya halilali, lakini hukwama. Tangu hapo kila Jumamosi mimi hupanda na tochi, nikalisogeza kwa kijiti kuona kama linacheza huru, kisha nikafunua lile tangi la chini. Kifuniko bado ni kizito, lakini sasa nakifunua.

Mpenzi msomaji, boya halina elimu. Linajua jambo moja tu, maji yapo au hayapo, na likishajua hulisema papo hapo bila kungoja kuulizwa. Mimi mwenye kidato cha tatu nilijua na nikanyamaza siku tano, na wenye kulipa wakawa Baba, dada yangu na nyanya wa chumba nambari 19. Kama nawe kuna jambo unalolijua na umelifunika gubigubi, liseme leo, kabla hujaulizwa. Kalamu yangu naiweka chini. Ni karibu saa mbili usiku, na chini kule nasikia pampu imewaka yenyewe.